Kampeni ya afya mtaani Nairobi: kuipanga mpaka dawa iingie kwenye mtungi

Kila Februari, masika ikikaribia, simu yangu haikosi kuita. Ni kikundi cha vijana, kanisa au shirika dogo. Wamepata pesa kidogo za kampeni ya kipindupindu na wanataka niwaelekeze pa kuchapishia mabango. Mimi huwauliza kwanza: mnataka nani afanye nini, saa ngapi, na kwa pesa ya nani? Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Mwongozo huu nimewaandikia wao. Mfano ninaoutumia ni maji ya kunywa katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, kwa kuwa huko ndiko nimeifanyia kazi hii kwa miaka mingi, lakini hatua hizi zitakufaa pia kwa chanjo Kayole, kifua kikuu Kawangware au shinikizo la damu Dandora. Jambo moja utaliona likijirudia: wakazi wengi wa jiji hili wanajua wanachotakiwa kufanya. Wameambiwa shuleni, redioni na kliniki. Kuna kitu kinachokaa kati ya kujua na kutenda, na kazi yako ni kukitafuta na kukiondoa.

Hatua ya kwanza: tembea na maji

Kabla hujaandika neno lolote, tenga siku tatu. Simama kwenye kibanda cha maji saa kumi na moja alfajiri. Angalia mpira unapita wapi. Mukuru mipira mingi ya plastiki hupita ndani ya mtaro wa majitaka, na ukipasuka wakati mgao umekatika, uchafu huvutwa ndani. Kisha umwombe mama mmoja ruhusa, umsaidie kubeba mtungi, ukae naye mpaka maji yale yanywewe.

Siku moja nilikaa hivyo kwa mama wa watoto wanne, katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Alinunua mitungi miwili ya lita 20. Mmoja aliumimina kwenye ndoo ya buluu nyuma ya mlango, wa pili akauweka wa kupikia na kufulia. Ndoo ilifunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kulikuwa na kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Kwa kuwa hakikuwa na mkono, kila aliyechota alizamisha vidole. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimehesabu watu tisa: watoto wote wanne, jirani wawili, fundi aliyekuwa akiziba paa, mama mwenyewe, na mimi. Maji yalitoka kibandani yakiwa safi. Yalichafukia nyuma ya mlango. Bango letu la mwaka ule lilisema "Chemsha maji", na hata kama angeyachemsha, kikombe kile kingeyaharibu kabla ya saa sita.

Ukitoka huko, kaa chini uandike unachojua kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa ufupi na kwa usahihi. Kipindupindu huletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, anayeingia mwilini kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku tano. Wengi wanaoambukizwa hawaugui sana, na bado choo chao hueneza bakteria kwa siku kadhaa. Aliyeshikwa vibaya anaweza kufa ndani ya saa chache, ilhali akitibiwa mapema na ipasavyo, wanaokufa hawafiki mtu 1 katika 100. Karatasi hii iwe ukurasa mmoja, isomwe na kutiwa saini na afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Kila kitu utakachosema baadaye kitoke humo.

Chora pia ramani. Kibanda cha maji, vyoo, mtaro, duka la dawa, kituo cha afya, kanisa, msikiti, jukwaa la boda boda. Mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona vimelundikana kuzunguka pampu ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa; baadaye akaviweka kwenye ramani. Wakati huo hakuna aliyekuwa na uhakika ni kitu gani ndani ya maji kilichoua. Kujua vifo vilitokea wapi kulitosha kuonyesha pa kuanzia. Ramani yako itakuonyesha jambo dogo zaidi lenye faida kubwa: umbali wa duka la dawa kutoka kibanda cha maji.

Hatua ya pili: waulize wanaofanya na wasiofanya

Hii ndiyo hatua ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo wafadhili hupenda kuikata wakisema muda hautoshi. Inachukua wiki moja.

Tafuta watu 45 wanaoweka dawa ya klorini kwenye maji kila siku, na wengine 45 wa kijiji hichohicho wasioweka. Wote wawe wa hali moja ya maisha. Waulize maswali yaleyale: Ni nini kinakurahisishia, au kingekurahisishia, jambo hili? Ni nini kinakuwia vigumu? Nani anafurahi ukilifanya? Nani hapendi? Ni rahisi kulikumbuka? Ukiacha, unafikiri nini kitatokea? Usimsaidie kujibu. Andika maneno yake kama yalivyotoka, hata yakiwa ya Sheng.

Baadaye hesabu. Jibu linalotolewa na makundi yote mawili kwa kiwango kimoja halikusaidii. Tafuta pale yanapoachana, na kwa makundi ya ukubwa huu tofauti ya pointi 15 katika mia au zaidi inafaa kuchukuliwa kwa uzito.

Tulipofanya hivi sisi, wote walijua kipindupindu kinaletwa na maji machafu. Hakukuwa na mama wa kufundishwa hilo. Tofauti zilijitokeza kwingine. Wasioweka dawa walilalamika kwamba chai inanuka Jik na mzee wa nyumba anaimwaga. Walisema duka la dawa liko ng'ambo ya barabara na mtoto hawezi kutumwa. Kisha likaja jibu ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia: "Niko na mtungi mmoja tu. Nikiusubirisha nusu saa, watoto watakunywa nini?" Dawa ya klorini inahitaji dakika 30 kufanya kazi. Sisi tulikuwa tukihubiri dakika 30 kwa miaka bila kujiuliza nyumba ina vyombo vingapi.

Hatua ya tatu: chagua tendo moja na mtu mmoja

Kunawa mikono, choo, maji, matunda, kukimbilia kituo: yote ni muhimu, na ukiyabeba yote kwa mkupuo hakuna litakalofika. Chagua moja la kuongoza. Liseme kama tendo linaloweza kuonekana kwa macho. "Kuzingatia usafi wa maji" huwezi kuuona. "Mama anaweka dawa kwenye mtungi pale pale kibandani kabla ya kuubeba" unaweza kusimama ukauona.

Mlengwa pia asiwe "jamii". Kwetu alikuwa mama au dada anayenunua maji asubuhi. Karibu naye kulikuwa na watu wa kumsaidia au kumkwamisha: mwenye kibanda, mume, mtoto wa darasa la nne au la tano anayeachiwa nyumba, na msimamizi wa ploti. Andika kila mmoja unamwomba nini. Mume tulimwomba kitu kimoja tu, asimwage chai.

Lengo liandikwe lenye tarehe na kipimo, kwa mfano: "Kufikia tarehe 31 Mei, nyumba 6 katika kila 10 za vijiji vinne ziwe na maji ya kunywa yenye klorini siku tutakapozitembelea bila taarifa." Lengo la "kuongeza ufahamu" likataeni kabisa. Haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kukufundisha chochote.

Hatua ya nne: ondoa kizuizi kabla ya kufungua mdomo

Mwaka mmoja tulianza matangazo ya redio Jumatatu, na dawa ilikuwa bado iko kwenye bohari ikisubiri karatasi. Watu walisikia, wakaenda dukani, wakarudi mikono mitupu. Dawa ilipofika wiki ya tatu, hakuna aliyerudi kuuliza. Niliumia kwa sababu walikuwa wametusikiliza, na sisi ndio tuliowaangusha. Tangu hapo nina kanuni: tangazo halitoki mpaka mtu wangu ameiona chupa rafuni kwa macho yake katika kila duka tulilolitaja.

Rudi kwenye majibu ya watu 90 na ushughulikie kizuizi kimojakimoja. Duka liko mbali? Zungumza na wenye vibanda vya maji wauze dawa hapohapo, wapate faida yao. Chombo ni kimoja? Dawa iwekwe kibandani, ili safari ya kwenda nyumbani na muda wa kupika viwe sehemu ya zile dakika 30. Mikono inaingia ndooni? Maji ya kunywa yabaki kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na yamiminwe, yasichotwe. Harufu? Mara nyingi ni dawa kuzidishwa kwa sababu mtu anakadiria kwa macho. Mwonyeshe kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa lita 20, na maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Ukimaliza hapa utaona kwamba nusu ya kampeni imeshafanyika na bado hujachapisha kitu.

Hatua ya tano: piga hodi

Anza kwa afisa wa uhamasishaji wa afya wa kaunti ndogo na afisa wa afya ya umma, kisha chifu, wazee wa vijiji na viongozi wa dini. Wapeleke ule ukurasa mmoja, si faili. Ukiingia mtaani bila wao, siku uvumi utakapozuka hutakuwa na wa kukusimamia.

Wahamasishaji wa afya ya jamii ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 nchi nzima, wakapewa mkoba wa vifaa na simu, na kwa kawaida kila mmoja ana nyumba kama mia moja za kutembelea. Ni majirani. Wanajua ni mlango gani una mtoto mchanga na ni upi una mgonjwa aliyefichwa. Usiwaongezee mzigo bure: lipa nauli na chakula cha mchana siku ya kazi, siku hiyohiyo. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimeona kampeni zikinunua fulana na kofia mia tano huku dada anayepanda ngazi za ploti kutwa akikosa hata pesa ya chai.

Kuhusu picha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu picha na namba za simu unazokusanya. Omba idhini ya mtu kabla ya kumpiga picha, na mgonjwa mwache kabisa.

Hatua ya sita: andika kwa maneno yao

Rasimu yetu ya kwanza ilisema: "Tibu maji yako ya kunywa." Kiswahili chake ni safi, na vitabu vingi vya afya huandika hivyo. Mzee mmoja wa kijiji aliisoma polepole, akaniuliza, "Kwani maji yanaugua nini, mwanangu?" Huku hakuna anayesema kutibu maji. Watu husema kuweka dawa. Tukabadilisha.

Ujumbe mzuri humwambia mtu afanye nini, wapi, lini na kwa shilingi ngapi, halafu humpa sababu inayomgusa. Sababu inayogusa si lazima iwe ugonjwa. Akina mama wengi tuliozungumza nao walitaja siku za kazi. Mtoto akiharisha, mama anayefua nguo Eastleigh au South C haendi, na asipoenda halipwi. Hapo ndipo ujumbe wetu ulipokaa:

"Weka dawa hapa kibandani. Ukimaliza kupika, maji ya watoto yako tayari. Kesho uko kazini."

Chini yake tuliandika bei ya chupa na siku ambazo ingewatosha. Hakukuwa na nembo kubwa wala salamu za mheshimiwa yeyote.

Jihadhari na hofu. Fuvu la kichwa na picha ya mtu aliyekonda humshtua mtu kwa dakika moja, na kama hujampa njia rahisi ya kujiokoa, hugeuza uso na kusema Mungu ndiye mlinzi. Hofu itumike kidogo na papo hapo ifuatwe na tendo analoliweza. Aibu usiitumie kamwe. Mtu anayeishi kwenye ploti ya vyumba thelathini na choo kimoja hahitaji kukumbushwa kuhusu uchafu.

Weka akiba ya ujumbe wa pili, utakaotolewa siku mlipuko unapotangazwa: mtu akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, mpe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, papo hapo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Vipimo hivi visomwe kwa sauti mara mbili kila vinapotajwa, kwa kuwa chumvi ikizidi inadhuru. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Lugha nayo ifuate mtu. Vijana wa base, yaani kijiweni, wasemewe kwa Sheng na kijana wa base. Sheng ikiandikwa na mtu wa ofisini, itakuwa imepitwa na wakati kabla wino haujakauka. Eastleigh utahitaji Kisomali, na atakayekitafsiri akizungumze nyumbani kwake.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuchapisha

Chukua nakala moja ya bango, tena iliyochorwa kwa mkono ukiweza, uwaonyeshe watu kumi hadi kumi na watano wa aina ya mlengwa wako, mmojammoja. Usiulize "Unaipenda?" Atakuambia ndiyo, kwa adabu. Uliza: "Picha hii inakuambia ufanye nini?" Kisha unyamaze.

Sisi tulichora vitu vitatu: mkono ukimimina dawa mtungini, saa ya ukutani, na mtoto akinywa. Saa tuliichora mshale mkubwa ukiwa umefika sita, tukimaanisha nusu saa imepita. Mama wa kwanza akasema, "Dawa inawekwa saa sita na nusu mchana." Wa pili akasema hivyohivyo. Wa nne akaongeza kwamba basi yeye hawezi, kwa sababu saa hiyo yuko kazini. Mchoraji wetu alikuwa stadi na saa ile ilikuwa nzuri. Tuliifuta. Mahali pake tukachora jiko, sufuria ya sukuma na mwiko wa ugali, baada ya kupima kwa simu katika nyumba tano na kuona hakuna aliyemaliza kupika vyote viwili chini ya dakika 30. Mabango elfu mbili yenye ile saa yangekuwa ukutani mwaka mzima yakiwafundisha watu jambo ambalo hatukuwahi kulisema.

Tangazo la redio lijaribiwe vivyo hivyo, penye kelele, karibu na mashine ya kusaga au kando ya stage. Lisipoeleweka hapo, halitaeleweka popote.

Hatua ya nane: pitia njia wanazopita

Njia ya kwanza ni mdomo wa mtu anayeaminika, mlangoni au kibandani. Nyingine zote ni za kuitia nguvu. Mwenye kibanda cha maji anaonana na mlengwa wako kila siku kwa dakika mbili, mkono wake ukiwa kwenye mtungi. Hakuna bango linaloweza kushindana na hilo. Mfundishe sentensi mbili na umpe kipimo cha kushika.

Wafanyakazi wa viwanda vya Industrial Area hutembea kwa miguu alfajiri na kurudi kuanzia saa kumi na moja jioni. Wahamasishaji wakija saa nne asubuhi watakuta kufuli. Panga zamu za jioni na Jumapili mchana. Kanisani omba dakika tatu za matangazo, usiombe mahubiri, na msikitini zungumza na kamati kabla ya Ijumaa.

Redio za mitaa zina nguvu kuliko zinavyodhaniwa: Ruben FM kwa watu wa Mukuru, Koch FM Korogocho, Pamoja FM Kibra, na Ghetto Radio kwa wanaozungumza Sheng jiji zima. Tangazo la sekunde thelathini ni sawa, lakini kipindi cha kupiga simu ni bora zaidi, kwa sababu maswali ya wasikilizaji yatakufichulia mambo ambayo mabango yako yameyaacha. Mpeleke mwenye kibanda studio pamoja na afisa wa afya. Akisema yeye, watu husikia jirani yao.

Gari la vipaza sauti lina kazi moja tu: kutangaza jambo la leo. Maji yamekatika, chanjo iko uwanjani, kituo cha ORS kimefunguliwa. Kwa kufundisha halifai. WhatsApp itumie kwa sauti fupi zisizozidi dakika moja, zitumwe na watu ambao tayari wako kwenye vikundi vya ploti na vyama.

Ratiba yote ianze Februari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozikumba Mathare na Mukuru, wahamasishaji wengine walikuwa wakiokoa magodoro yao wenyewe. Mvua ikishaanza kunyesha umechelewa.

Hatua ya tisa: daftari la uvumi

Mpe kila mhamasishaji daftari dogo aandike uvumi aliousikia, wapi, na lini. Kila Ijumaa msome pamoja. Uvumi ukianza kusikika katika vijiji viwili, ujibu.

Uvumi uliotusumbua zaidi ulikuwa kwamba dawa ya maji inafunga uzazi. Usimcheke mtu kwa kuuliza hivyo. Wakenya wengi wanakumbuka mwaka 2014, Maaskofu Wakatoliki na serikali walipovutana hadharani kuhusu chanjo ya pepopunda na uzazi. Swali lina mizizi, na mama anayeuliza anawajali wanawe na tumbo lake kama unavyojali wako. Anza kwa ukweli, taja uvumi mara moja kwa ufupi, maliza kwa ukweli: "Dawa hii ni klorini, ileile inayowekwa kwenye maji ya bomba ya jiji. Kuna wanaosema inafunga uzazi. Maji ya bomba yenye klorini yananywewa Nairobi kila siku, na hospitali za uzazi zinajaa kila siku." Kilichotuvusha hasa ni mhamasishaji mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Alisimama kibandani Jumamosi, akaweka dawa kwenye mtungi wake mbele ya foleni, akasimulia alivyoitumia tangu mtoto wa kwanza. Hatukuwa tumempangia. Aliona maswali yamezidi, akaamua mwenyewe.

Ukiwa hujui jibu, sema utaliuliza na utarudi lini. Kisha urudi siku hiyo.

Hatua ya kumi: pima maji, usipime maneno

Ukimuuliza mtu kama anaweka dawa, atasema ndiyo, hasa ukiwa umevaa fulana ya kampeni. Kwa hiyo pima maji yenyewe. Kuna kifaa kidogo cha kupimia klorini. Unaomba maji ya kunywa kwenye kikombe, unajaza kijichupa, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka waridi, kuna klorini. Rangi unailinganisha na kadi, na kiwango cha chini unachotafuta nyumbani ni miligramu 0.2 kwa lita. Mama mwenyewe anaona, watoto wanasogea kuangalia, na mazungumzo yanayofuata yana faida kuliko ziara tatu za kuhubiri.

Huna haja ya kupima nyumba zote. Katika kila eneo la msimamizi wa wahamasishaji, chagua nyumba 19 kwa bahati nasibu, si zile ambazo mhamasishaji anazipenda. Idadi hiyo inatosha kukuonyesha ni eneo gani limefikia lengo na ni lipi linahitaji msaada. Rudia kila mwezi. Pamoja na hayo fuatilia chupa zilizouzwa kwenye vibanda na idadi ya wanaoharisha katika rejista ya kituo cha afya. Idadi ya hiyo rejista isome kwa uangalifu: mwanzoni inaweza kupanda kwa sababu watu wameanza kuja mapema, na hiyo ni habari njema.

Matokeo yapeleke kwanza kwa waliokupa maji yao, barazani au palepale kibandani, kwa maneno ya kawaida: nyumba 19, ngapi zilikuwa waridi.

Mwezi wa pili wa kampeni yetu moja, vijiji vitatu vilikuwa vinakwenda vizuri na cha nne kilikuwa kimebaki nyuma kabisa. Karibu nyumba zote zilikuwa na chupa, zote zilikuwa zikiitumia, na maji hayakugeuka rangi. Msimamizi alitaka tuongeze mikutano. Mhamasishaji wa kijiji kile akasema twende kwanza kibandani. Chupa zilikuwa zimepangwa kwa mstari dirishani, upande wa jua la mchana, zionekane na wateja kama tulivyomwomba muuzaji. Klorini hupoteza nguvu ikikaa kwenye jua na joto. Tulimbadilishia chupa zote, tukaziweka chini ya meza kwenye katoni, dirishani ikabaki moja tupu ya kuonyesha. Alhamisi iliyofuata tulirudi katika nyumba zilezile 19 na kile kijichupa.